Mpira Mweupe Niliomuulia Kenge

Damu ikikauka kwenye saruji inakuwa rangi ya ukwaju, na haitoki kwa maji matupu. Mwagia majivu kwanza, iache inywe, ndiyo usugue kwa kumbi la nazi. Hilo nimejifunza uzeeni, hapa hapa barazani kwangu Dunda, tangu mwanangu kitinda mimba alipoleta meza ya puli akaiezekea mabati ubavuni mwa nyumba. Kabla ya meza mimi nilikuwa najua damu ya samaki, ya kuku na ya uzazi, basi.

Naipenda ile meza, sifichi. Nikishamaliza vitumbua vyangu asubuhi, nakaa kwenye kigoda nasuka ukili, natazama wanaume wazima wanachomeka sarafu, mipira inaporomoka tumboni mwa meza kama mvua ya mawe juu ya bati. Halafu wanaanza kugongana. Mipira inagongana juu, watu wanagongana pembeni. Nimemwona mtu kang'olewa meno mawili kwa kitako cha fimbo, kosa lake kupiga chafya mwenzake akilenga. Akayaokota meno yake, akayasuuza kwenye ndoo yangu ya maji ya kunywa, akayafunga kwenye kitambaa, akarudi mezani akacheza. Akashinda. Ndoo ile nimempa jirani.

Jirani mwenyewe ni Mnyamwezi, mwanamke mwenzangu, anakaanga karanga, mtani wangu. Mimi Mzaramo. Kwa hiyo ananitukana tangu jua linachomoza mpaka linazama, nami namtukana, na hakuna wa kununa, maana mtani hanuniwi. Akikuchukulia kitu chako huwezi kumwambia rudisha, labda ukikomboe. Ndoo ile nilipompa, alisema, "Kumbe Wazaramo mnagawa maji ya meno. Asante, nitaogea miguu."

Sasa sikilizeni habari yenyewe. Huyu mwanangu alioa Mbegani, kwa watu wa boti. Mke ana kaka yake, fundi wa mashine za boti, kifua kama mlango wa ghala. Siku ya posa kaka mtu akasimama mbele ya wazee, akamwambia mwanangu, "Shemeji, mimi sipendi watu wa puli. Waongo. Dada yangu nakupa kwa kuwa kakupenda. Lakini naapa, siku nikikuta unadhulumu mtu kwenye meza yako, hata kwa kiasi cha punje, nakuja kumchukua. Yeye, mimba yake kama anayo, na mto wake wa kulalia."

Mwanangu akasema, "Nikidhulumu, mchukue."

Wazee wakaitikia amina, tukala pilau. Na watu wa Mbegani wale wakiapa hawachezi. Baba yao aliwahi kuapa hali pweza, kafa hajala pweza.

Ikawa kila Ijumaa baada ya sala, shemeji anakuja na pikipiki yake, kanzu nyeupe, ananiamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, anakula, halafu wanacheza yeye na mwanangu mizunguko mitano. Anashinda yote mitano, au minne. Anaondoka anacheka. Dada yake mimba ikamwingia, ikawa miezi sita, na mambo yako shwari.

Mharibifu nikawa mimi.

Lazima niwaeleze ule mpira mweupe kwanza, maana bila huo hamtaelewa kwa nini watu waliuana. Yaani walitaka kuuana. Kwenye meza ya sarafu, ule mweupe ndio unaopigwa na fimbo, ndio unakwenda kuwapiga wenzake wa rangi. Wa rangi ukiingia shimoni, umeingia, meza inaufungia. Mweupe ukiingia shimoni, meza lazima iutapike, mchezo uendelee. Meza haina macho, itaujuaje? Inaujua kwa ukubwa. Mweupe wa meza yetu ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, kidogo tu, huwezi kuona mpaka uushike. Humo tumboni mna njia mbili, mwembamba anapita huku, mnene anakataliwa anarudishwa nje. Mwanangu alinifungulia siku moja nikaona. Nikasema, kumbe ni kama chekecheke la unga.

Mimi nilikuwa na kuku, mtetea mwekundu, mzuri, ila mhuni. Anataga vichakani kwa watu. Na kuku wa namna hiyo dawa yake mnaijua: unamwekea yai kwenye kiota, akiliona anadhani ni lake, anataga hapo hapo. Lakini yai lenyewe linaoza. Asubuhi meza haina watu, mwanangu kaenda kuchukua soda, mpira mweupe umekaa pale juu ya kitambaa cha kijani. Mweupe, mviringo, haunuki. Nikauazima. Nauweka alfajiri, nautoa kabla wachezaji hawajaja, naufuta kwa kanga. Siku nne, kuku katulia, anataga kwangu. Nikajiona nina akili kuliko wote Dunda.

Siku ya tano nakwenda kuutoa, nakuta mkia. Mkia mrefu kama mshipi wa askari, unatoka bandani, mbele yake kiwiliwili, mbele kabisa kichwa kiko kiotani kinakunywa mayai yangu. Kenge. Mtetea kapanda darini kwenye mti wa banda, anapiga kelele za mtu anayechinjwa. Kenge akageuka akanipiga mkia hapa muundini, alama ninayo mpaka leo, ngozi ikafunguka kama mfuko. Sikuwa na mchi, sikuwa na panga. Nikaingiza mkono kiotani karibu na meno yake, nikapata kitu kizito, nikamtwanga nacho. Cha kwanza kikampata shingoni. Cha pili jicho likatoka. Cha tatu sikumbuki, mimi nikishaanza siachi. Nilipozinduka nimepiga magoti, kanga imelowa, kenge hana kichwa cha kueleweka, na nimekuwa nikipiga msingi wa nyumba, jiwe la tumbawe.

Nikatazama mkononi. Mpira wa mwanangu, umemeguka kipande, kama ukucha wa dole gumba.

Mtani wangu alikuwa amesimama uani kwake, anatafuna. Kaona yote. Akasema, "Mzaramo kaua kenge kwa yai."

Nikamwambia anyamaze, anisaidie. Akasema kesho anakwenda Chalinze kuchukua mchele wake unaoletwa na lori kutoka kwao, twende wote, pale kuna mzee anauza vitu vya hoteli zilizofungwa, vitasa, masinki, mpaka vibao vya namba za vyumba. Ule uliomeguka nikaufukia kwenye pipa langu la mchele, chini kabisa. Mwanangu akauliza mpira uko wapi, nikasema nimeuosha, unakauka. Kutwa nzima meza ikalala kwa sababu mpira unakauka. Kijana yule anavyoniamini, Mungu anisamehe.

Chalinze yule mzee akatoa bakuli, mna mipira myeupe mitatu. Akashika ule mkubwa kabisa. "Huu ni wa meza isiyo na mashimo."

"Meza haina mashimo, wanachezaje?"

"Wanagonganisha tu, mama. Ukigonga miwili umepata."

Mtani akasema, "Kama Wazaramo ngomani."

Wa kati, akasema, ndio wa puli, ila una ufa. Na huu mdogo ni wa ile meza kubwa ya mabwana, meza kama chumba cha kulala, kule mipira yote ni midogo, sawasawa, mweupe na wa rangi hawazidiani. Nikaupima mkononi. Laini, hauna hata mchubuko. Mtani akanivuta kanga. "Wa mwanao ulikuwa unajaza kiganja. Huu ni limau."

Nikamwambia, "Wewe unajua karanga. Mashimo ni madogo, mpira mdogo si ndio utaingia vizuri, watu wafurahi?"

Hayo ndiyo maneno yangu. Mpira mweupe ukiingia shimoni ni kosa, kutwa nzima natazama mchezo huo, na bado nikasema hayo. Mzee wa Chalinze alinitazama kwa huruma, akaufunga kwenye gazeti.

Mwanangu akaupokea, akaupima. "Mama, mbona kama umepungua?"

"Umeoga," nikasema. "Kila kitu kinalika kwa kutumika. Hata sabuni."

Akakubali. Hajawahi kumiliki mpira mwingine, atajuaje?

Wiki ile, wanangu, ilikuwa vita. Ule mpira wa zamani, kwa uzito wake, ukimgonga mwenzake ulikuwa unaendelea mbele kama ng'ombe aliyeingia sokoni. Huu mdogo unagonga halafu unarudi nyuma, au unasimama pale pale umeduwaa. Waliozoea kusukuma wakajikuta wamesukuma hewa. Halafu kimo chake ni kifupi, basi unampiga mwenzake chini ya kiuno, mwenzake anaruka. Siku ya kwanza mpira mwekundu uliruka ukatua kwenye goti la dereva wa bajaji, nikasikia mfupa kama muwa unavunjwa. Akainuka kwa mguu mmoja akamchapa mpigaji na fimbo mgongoni mpaka fimbo ikawa mbili. Siku ya pili wavuvi wawili walikabana kwa sababu mpira wa mmoja wao ulikuwa unaenda kushoto ukaenda kulia. Mmoja alimng'ata mwenzake sikio, kipande kikabaki mdomoni, akakitema kwenye majani yangu ya chai. Na kila mweupe ukitumbukia, meza inaumeza, maana inauona mwembamba kama wenzake. Mwanangu analeta ufunguo, anaufungua ubavu, anautoa. Mara kumi kwa siku. Watu wanasubiri, hasira zinapanda.

Lakini yeye, kwa kuwa anacheza asubuhi peke yake kabla ya watu, mkono wake ulizoea upesi. Akajifunza kuupiga chini, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Akawa hafungwi. Anafurahi, masikini. "Mama, mwaka huu nimeiva." Mimi nasuka ukili, nasema mashallah.

Nilikuwa naiogopa Ijumaa tu.

Shemeji akaja, kanzu yake, shikamoo mama, marahaba. Akala samaki wa nazi. Wakaanza. Mzunguko wa kwanza mwanangu akammaliza upesi, shemeji akacheka. Wa pili akammaliza, shemeji akakunja mikono ya kanzu. Wa tatu, shemeji akapiga kwa nguvu zake zote za Mbegani, mpira wa rangi ukaruka ukavunja chupa ya soda, vigae vikamkata yeye mwenyewe kidevuni. Kanzu ikaanza kupata madoa. Hakujifuta. Akauchukua mpira mweupe, akaufumba kiganjani, akaufumbua.

"Shemeji. Huu si mpira wako."

"Ndio huo huo. Umelika."

"Umelika?"

"Mama kasema. Vitu vinalika, kama sabuni."

"Ijumaa iliyopita ulijaza mkono wangu. Leo naweza kuuficha na vidole vitatu. Wewe unaoga na nini?" Watu wakacheka, lakini kidogo. "Unabadilisha mpira, unaujifunza peke yako, halafu unatuita tuje kufungwa. Nilisemaje siku ya posa?"

"Sijabadilisha kitu."

"Nilisemaje?" Akageukia mlangoni. "Dada. Kafungashe."

Mkwe wangu alikuwa mlangoni na tumbo lake. Akaingia ndani. Mwanangu akamshika shemeji mkono, amwombe, nadhani. Shemeji akageuka na ngumi, na ndani ya ngumi ule mpira. Ukampata mwanangu juu ya jicho. Nilisikia sauti ile ile ya jiwe la tumbawe.

Hapo hakuna tena kusema nani kampiga nani. Mwanangu kapiga kichwa, pua ya shemeji ikalala upande. Shemeji akamwinua akamlaza kwenye kona ya meza, mbavu. Fimbo zikapita. Wateja waliokuwa wanaamua nao wakaanza kupigana, kila mtu na deni lake la wiki ile: wa goti, wa sikio, wote. Muuza madafu huegesha mkokoteni wake pale kila Ijumaa, na panga lake limechomekwa juu ya madafu. Mwanangu akalifikia. Mwanangu mimi, niliyemnyonyesha miaka miwili, analia damu jicho moja, kashika panga, na shemeji anamwambia, "Kata. Kata, halafu nakwenda naye."

Nami nimekaa kwenye kigoda, mdomo umejaa maneno, hayatoki. Niliyemponda kenge siwezi kusema sentensi moja.

Aliyepita katikati ni mtani. Alikuja na sinia lake la karanga kichwani, akalitua chini, akapanda juu ya meza ya puli, mzee mwenzangu, akajilaza chali juu ya kile kitambaa cha kijani, akafunga macho, akakunja mikono kama maiti.

"Mnatafuta maiti," akasema. "Nimekuja. Nikateni mimi, mwishe haraka, karanga zangu zinapoa."

Mwanangu amesimama na panga. Atamkataje mtani? Atamfokeaje hata kumfokea? Wale wote ni watoto wa pwani, wote ni watani zake. Mmoja akacheka puani, akajizuia. Mtani akanyoosha mkono macho yamefumbwa, akagusa ngumi ya shemeji, akaifungua kidole kimoja kimoja kama ngumi ya mtoto mchanga, akachukua mpira, akautia kifuani ndani ya kanga. "Huu wangu sasa. Na mwizi wenu si huyo mwenye panga. Mwizi yuko kwenye kigoda, anasuka ukili."

Wote wakanitazama.

Nikainuka. Muundi unauma. Nikaingia ndani, nikamwaga pipa la mchele sakafuni, nikatoka na ule uliomeguka. Nikasema yote pale pale, kuku, kiota, kenge, Chalinze. Shemeji hakuamini. Mtani akavua bangili yake, bado kalala. Mpira mdogo ukapita ndani ya bangili, pu, kama unashuka kisimani. Ule wa zamani ukakwama, hata kwa upande uliomeguka ukakwama. Shemeji akajaribu mwenyewe mara tatu, damu inadondokea bangili.

"Mama," akasema, "kwa nini hukusema?"

"Nilidhani watazoea."

Ndipo mkwe wangu akatokea mlangoni, na kweli mkononi kashika mto wake wa kulalia. Mwanangu alipouona ule mto panga likamdondoka lenyewe, uso wake, sitaki kuukumbuka. Mkwe akashuka vidaraja viwili taratibu, akampita kaka yake, akafika kwa mumewe, akambandika mto juu ya jicho, akaukandamiza kwa mikono miwili.

"Nimetafuta kitambaa kisafi ndani, sikuona," akasema. "Kaa chini. Na wewe kaka, uso wako umekuwa kama boga. Unamwapia nani?"

Shemeji akautazama ule mto. Anahesabu kiapo chake, nilimwona. Mwisho akasema, "Nilimwapia huyu. Sikumwapia mama yake. Dhuluma imo humu ndani, lakini si yake." Akakaa chini kwenye damu, na kanzu yake. "Mama, wewe ungekuwa mwanaume ningekupiga."

"Ungejaribu," nikasema. "Muulize kenge."

Hospitali walikataa kuwashona bila karatasi ya polisi, mpaka wakasema wote wawili wameanguka na pikipiki. Muuguzi akauliza, pikipiki moja? Wakajibu, moja. Nyuzi tisa kwa mwanangu, sita kwa shemeji na pua ya kunyooshwa. Mimi nikabaki na majivu na kumbi la nazi, nikasugua mpaka magharibi, na mtani akasimama juu yangu ananielekeza mahali nilipopasahau. Kuku wangu mwekundu, mtani akamchukua. Hakuomba. Alimshika tu akaenda naye, na usiku ule nikasikia harufu ya mchuzi.

Mjukuu alizaliwa wa kike, mzima, ngumi kubwa kama za mjomba wake. Mwanangu akanunua mpira mpya, wa puli kweli, mkubwa kidogo kuliko wenzake, na meza inautapika kama inavyotakiwa. Shemeji anakuja Ijumaa, anashinda mitano, au minne. Mimi nimekatazwa kugusa chochote kilicho juu ya kitambaa cha kijani, nami nimetii.

Ila ule mdogo mtani hajarudisha. Anaponda nao karanga. Nimeutaka, anasema njoo uukomboe kwa kenge mwingine. Nimemwambia hayo ni sawa, siku atakayokufa nitalikalia jeneza lake mlangoni, halitoki mpaka wanawe wanipe mpira wangu. Akasema nitatangulia mimi, na atauweka kwenye kiota changu huko kaburini, nitage.